Je, Sala ni Mazoea Tu?

Katika mwanzo wa Sura Al-Muuminun Mwenyezi Mungu anawataja waaminio waliofaulu, na sifa ya kwanza anayowapa ni kwamba wao hunyenyekea katika Sala zao (23:3). Zinafuata sifa nyingine: kuepukana na mambo ya upuuzi, kutoa Zaka, kuhifadhi tupu zao, kutunza amana na ahadi. Kisha katika aya ya 10 Sala inarudi tena, lakini safari hii si kwa habari ya unyenyekevu, bali kwa habari ya kuzihifadhi Sala hizo, yaani kudumu nazo pasipo kukosa. Msomaji wa haraka aweza kudhani kuwa jambo moja limetajwa mara mbili. Sivyo hata kidogo. Kunyenyekea ni kazi ya moyo uliohudhuria. Kuhifadhi ni kazi ya mwili uliozoea. Kurani Tukufu inayataka yote mawili, na katika makala haya tutaona kwa nini moja halitoshi bila jingine.

Sababu ya kuandika ni swali la mtafutaji mmoja wa haki, kijana mwenye elimu na adabu, ambaye amekuwa akisoma vitabu vya Jumuiya yetu kwa muda na bado hajafanya baiati. Swali lake, kwa ufupi, ni hili: Yeye hutumia simu na kompyuta kutwa nzima katika kazi yake. Amejichunguza akaona kwamba akiishika simu ili atume pesa kwa M-Pesa, kidole chake hufungua WhatsApp kwanza, wala hakumbuki kuwa aliamua hivyo. Akitoka humo huingia Facebook, na kutoka Facebook huruka kwenye kurasa alizoziacha wazi katika kivinjari, na baada ya robo saa huiweka simu chini, na zile pesa hazijatumwa. Anasema: “Hayo ni mazoea, na mimi nayaonea haya. Sasa ninyi Waislamu mnasali mara tano kila siku, kwa maneno yale yale na vitendo vile vile. Je, midomo yenu haisomi kama kidole changu kinavyofungua?”

Ndugu msomaji, swali hili ni zuri, na si haki kulijibu kwa hasira. Tena Kurani Tukufu yenyewe ilitangulia kulisema kabla ya kijana huyu. Katika Sura Al-Maun (107:5-6) wameonywa kwa adhabu wale wanaosali huku wameghafilika na Sala zao. Hawakuitwa makafiri wala watu wasiosali. Wameitwa wenye kusali. Basi Uislamu unajua vyema kwamba mtu aweza kusimama, kurukuu na kusujudu, na moyo wake uko sokoni. Tofauti yetu na muulizaji ni katika dawa. Yeye anaona kwamba kitu kikiisha kuwa mazoea kimekufa. Sisi twasema mazoea ni mnyama wa kupanda: hapana budi umjue tabia yake kabla ya kumlaumu.

Na tumtazame mnyama huyu jinsi alivyo. Wataalamu wa elimu ya nafsi wamemchungua sana. Mwaka 2002 Bibi Wendy Wood na wenzake, huko Marekani, walitangaza matokeo ya uchunguzi ambamo watu waliandika kila saa walichokuwa wakikifanya na walichokuwa wakikiwaza. Ikaonekana kuwa vitendo kama 43 katika kila 100 vilikuwa ni vya mazoea, vikifanywa karibu kila siku mahali pale pale, na mara nyingi mawazo yakiwa kwingine. Mwaka 2011 wenziwe wa kazi, akiwamo Bwana David Neal, walieleza jambo la kuchekesha kidogo. Waliwagawia watu waliokwenda kutazama sinema bisi za mahindi, wengine bisi mpya na wengine bisi za siku saba. Waliozoea kula bisi wakitazama sinema walizila zile zilizochacha kwa wingi ule ule kama wenzao waliopewa mpya, ingawa walikiri kuwa hazina ladha. Lakini watu wa namna hiyo hiyo walipoketishwa katika chumba cha mikutano, waliziacha. Na katika jaribio jingine, mle mle ndani ya sinema, walipoambiwa wale kwa mkono wasiouzoea, hapo pia mazoea yalivunjika, wakaanza kula kwa kufuata ladha.

Hapa pana mafunzo makubwa. Mazoea hayasubiri ladha wala faida. Yanasubiri alama tu: mahali, saa, hali ya mwili, kitu kilichotangulia. Alama ikionekana, kitendo hufuata. Ndiyo maana kidole cha kijana yule hakiendi kwenye WhatsApp kwa kuwa pana ujumbe muhimu. Kinakwenda kwa kuwa simu imewaka. Mwenye kuandika kwa kompyuta hubonyeza vitufe viwili, Alt na Tab, akarudi kwenye kazi aliyokuwa nayo kabla ya hii, kisha akavibonyeza tena akarudi hapa, na pengine hufanya hivyo mara tatu au nne bila ya kusoma neno lolote huku wala huko. Mkono unakwenda na kurudi kama mlinzi wa usiku langoni.

Na mkono huo ni mgumu kuufundisha upya. Mwaka 2012 kampuni ya Microsoft ilitoa programu yake ya Windows 8, na ndani yake ikakiondoa kile kitufe cha kuanzia kilichokuwa katika pembe ya chini ya kioo tangu mwaka 1995. Kazi zote za kompyuta ziliwezekana kama kwanza, kwa njia nyingine. Hata hivyo malalamiko yalikuwa makubwa, na mwaka uliofuata, katika Windows 8.1, kitufe kikarudishwa. Kampuni tajiri kama ile, yenye wahandisi kwa maelfu, ilirudi nyuma mbele ya mazoea ya mikono ya watu. Basi mtu aliyeingia Ahmadiyya juzi asishangae akiona mazoea yake ya miaka thelathini hayakutoka siku ile alipotia sahihi fomu ya baiati.

Kuna madhara gani katika kurukaruka huku? Bibi Gloria Mark, profesa wa Chuo Kikuu cha California kule Irvine, amewapima watu wakiwa kazini kwa miaka mingi. Mwaka 2004 aliona kuwa mtu hukaa katika jambo moja kwenye kioo kwa wastani wa dakika mbili na nusu kabla ya kuhamia jingine. Mwaka 2012 ikawa sekunde 75. Katika vipimo vya miaka iliyofuata imeshuka hadi kiasi cha sekunde 47. Ndugu msomaji, sekunde 47 ni muda ambao mtu asomaye kwa utulivu hajamaliza Al-Fatiha na sura fupi moja! Naye Bibi Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu akiacha kazi moja na kuhamia nyingine, sehemu ya fikra zake hubaki nyuma katika ile aliyoiacha, hasa ikiwa haijakwisha. Mwili umehama, na akili bado inaburuta mzigo wa huko ilikotoka.

Mtu wa namna hiyo akisema “Allahu Akbar” huku ametoka dakika hiyo hiyo kwenye kurasa kumi na mbili zilizo wazi, atasali na nani? Atasali na zile kurasa. Amezoea kila baada ya nusu dakika kutafuta kitu kingine, basi katikati ya “Iyyaka na'budu” moyo wake utafanya kile kile ulichofundishwa kutwa nzima: utaruka. Bibi Aisha r.a. alimwuliza Mtume Mtukufu s.a.w. habari ya kugeukageuka ndani ya Sala, naye akamjibu kuwa huo ni wizi, shetani anaupora katika Sala ya mja. Hadithi hii imo katika Bukhari. Ulimwengu wa leo una biashara kubwa iliyojengwa juu ya kugeuza macho ya watu, na wenye biashara hiyo hulipwa kwa kila jicho lililogeuka. Sisemi kuwa wao ndio mashetani. Nasema tu kwamba mwizi akiwa amesimama mlangoni mchana kutwa, usishangae kumkuta ndani jioni.

Sasa tumrudie muulizaji wetu. Je, dawa ni kuyaacha mazoea yote, na kusali pale tu moyo unaposisimka? Wako watu wa dini nyingine, na hata baadhi ya Waislamu wa jina, wasemao hivyo: nitasali nikijisikia. Twawaomba watazame mambo yalivyo. Aliyesema hivyo ameziacha Sala tano kwa huruma ya yale mazoea mengine, nayo hayana huruma. Simu haingoji mpaka ajisikie; inaita. Mahali pasipokaa mazoea mema hapabaki patupu.

Masihi Aliyeahidiwa a.s., katika hotuba yake mashuhuri iliyosomwa katika mkutano wa dini zote mjini Lahore, Desemba 1896, ameeleza jambo hili kwa uzuri usio na kifani. Amefundisha kwamba hali za kimaumbile za mwanadamu si mbaya kwa dhati yake, wala hazikuumbwa ili ziuawe. Huwa tabia njema pale zinapoongozwa na akili na kutumiwa mahali pake na wakati wake. Akaonyesha kutoka katika Kurani Tukufu daraja tatu za nafsi: nafsi iamrishayo mabaya (12:54), nafsi ijilaumuye (75:3), na nafsi iliyotua (89:28). Kijana aliyetuuliza kidole kinapomtangulia yuko katika daraja la kwanza. Anapoiweka simu chini na kuona haya, yuko katika la pili, na haya hiyo ni neema, asiidharau. Lakini haya peke yake haimfikishi la tatu. Wengi huona haya kila jioni kwa miaka ishirini.

Kinachomfikisha ni mazoea yaliyopandwa na nia. Hapa inafaa tukumbuke jinsi ulevi ulivyoondolewa Madina. Waarabu walikuwa wakinywa kuliko tunavyoweza kueleza. Kurani Tukufu kwanza ilisema kuwa dhara la ulevi ni kubwa kuliko nafuu yake (2:220). Kisha ikawakataza waaminio kuikaribia Sala hali wamelewa (4:44). Mara ya mwisho ikaharimisha kabisa (5:91). Itazame ile hatua ya katikati. Sala ni tano, zimetawanywa kutwa nzima. Asiyetaka kuzijia akiwa amelewa, atakunywa saa ngapi? Mazoea mapya yaliwekwa katikati ya siku, yakayala yale ya zamani kidogo kidogo. Amri ya mwisho ilipotangazwa, Anas r.a., aliyekuwa akiwanywesha wageni nyumbani kwa Abu Talha r.a., aliamriwa akaimwage, naye akaimwaga, na pombe ikatiririka katika njia za Madina. Hapakuwa na askari mlangoni. Aliyesali mara tano kwa siku kwa miaka alikuwa tayari amekwisha kuwa mtu mwingine.

Hadhrat Khalifatul Masih wa Pili r.a., katika hotuba zake za Ijumaa za mwaka 1936 juu ya matengenezo ya vitendo, aliyahesabu mazoea kuwa ni mojawapo ya vizuizi vikubwa vinavyomfanya mtu ashindwe katika matendo ingawa itikadi yake ni sahihi. Hadhrat Khalifatul Masih wa Tano a.t.b.a. aliyafufua mafundisho hayo katika hotuba zake za mwishoni mwa 2013 na mwanzoni mwa 2014, akaonya pia juu ya intaneti na televisheni. Itikadi yaweza kubadilika kwa usiku mmoja, kwa hoja moja nzuri. Mkono haujadiliwi kwa hoja.

Lakini muulizaji atasema: hata mazoea mema bado ni mazoea, na moyo utalala humo. Ndiyo, ungelala, kama Sala ingekuwa imetengenezwa na mtu asiyejua maumbile ya mwanadamu. Tazama jinsi ilivyo. Kwanza, hairuhusiwi kurukwa ndani yake kutoka kwenye kazi kama unavyoruka kutoka ukurasa hadi ukurasa. Pana adhana, pana kutia udhu kwa maji, pana kwenda msikitini kwa utulivu, kwani Mtume s.a.w. alikataza kuikimbilia Sala hata kama ikama imekwisha kusikika; tena katika nyakati nyingi pana rakaa za sunna kabla ya faradhi. Yote hayo ni kizingiti. Yale mabaki ya fikra anayoyataja Bibi Leroy hupewa nafasi ya kudondoka njiani. Mwenye kuufupisha udhu na kuingia kwa mbio amekiondoa kizingiti kwa mkono wake, kisha analalamika kuwa vumbi la njiani limeingia nyumbani.

Pili, Sala ina sehemu iliyothibiti na sehemu inayobadilika. Al-Fatiha ni ile ile katika kila rakaa, lakini baada yake msalihina huchagua aya atakazosoma. Wengi wetu tumejinyima faida hiyo kwa kusoma Al-Ikhlas na Al-Kauthar tangu utotoni mpaka mvi. Fanya kama wale waliokula bisi kwa mkono mwingine: jifunze sura mpya, uisome katika Sala ya alfajiri, nawe utaona jinsi akili inavyoamka kutafuta aya inayofuata. Sisi walimu tunaliona jambo hili kwa watoto madrasani. Mtoto aliyehifadhi kwa mdomo tu, ukimkatiza katikati ya sura hawezi kuendelea mpaka aanze upya kutoka Bismillahi. Aliyeijua maana huendelea pale pale alipokatizwa.

Tatu, na hili ndilo jambo ambalo Waislamu wengi wamelisahau na Masihi Aliyeahidiwa a.s. akalihuisha: baada ya kusoma yale ya Kiarabu yaliyofundishwa na Mtume s.a.w., mtu amwombe Mola wake haja zake ndani ya Sala kwa lugha yake mwenyewe. Yeye a.s. aliwahimiza wafuasi wake sana juu ya jambo hilo. Basi wewe uliyeingia Uislamu karibuni, na Kiarabu bado kinakupiga chenga, usidhani kuwa Sala yako ni maneno ya kukariri. Yahifadhi yale maneno kwa Kiarabu na ujifunze maana yake. Kisha ukiwa katika sijda, sema kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma, au Kijaluo, kwamba mtoto wako ana homa, kwamba kodi ya nyumba haijapatikana, kwamba nafsi yako imekushinda. Hapana mtu anayeweza kumwambia Mungu habari ya homa ya mtoto wake kwa mazoea.

Katika mambo ya vitendo, sunna ni kuiondoa alama, si kushindana nayo. Siku moja Mtume Mtukufu s.a.w. alisali akiwa amevaa nguo yenye nakshi, na nakshi zile zikamvuta jicho. Alipomaliza aliagiza nguo ile ipelekwe kwa Abu Jahm r.a., naye aletewe nguo ya Abu Jahm isiyo na marembo, akaeleza kuwa ile ilimshughulisha katika Sala yake. Hivi ndivyo alivyofanya yeye, ambaye moyo wake ulikuwa safi kuliko mioyo yote. Hakujidai kwamba nakshi haziwezi kumfanya kitu. Kadhalika alikataza kusali chakula kikiwa kimekwisha kuandaliwa mbele ya mtu. Nasi leo twaiweka simu katika mfuko wa kanzu, juu ya moyo wenyewe, nayo inatetemeka katika rukuu, kisha twajisifu kuwa hatukuitazama!

Iache simu chumba kingine kabla ya udhu, si baada yake. Usiizime sauti tu. Kazi uliyokuwa nayo katika kompyuta, andika katika karatasi pale ulipofika, kisha funga zile kurasa. Jambo lililoandikwa huuacha moyo. Zile programu ambazo kidole huziendea chenyewe, zihamishe mahali pake katika kioo cha simu. Utaona kidole kimefika mahali patupu, na katika ule mshangao mdogo utapata nafasi ya kujiuliza ulikuwa unataka nini.

Wala usikate tamaa kwa kukawia. Uchunguzi wa Bibi Phillippa Lally na wenzake wa Chuo Kikuu cha London, uliotangazwa mwaka 2009, uliwafuata watu 96 waliojiwekea zoea moja jipya la kila siku. Kwa wastani zilipita siku 66 hata kitendo kikawa kinakuja chenyewe. Lakini kwa mwepesi zilikuwa siku 18, na kwa mzito ilikadiriwa kuwa siku 254. Aliyekosa siku moja hakurudishwa mwanzo. Mtume s.a.w. alikwisha kutufundisha kuwa amali impendezayo Mwenyezi Mungu zaidi ni ile inayodumishwa, ingawa ni ndogo. Sharti la tatu la baiati linataka Sala tano bila kukosa, na kujitahidi kudumu katika Tahajjud. Mwenye kuanza kwa rakaa mbili za Tahajjud usiku wa kuamkia Ijumaa, na akadumu nazo, yuko mbele ya aliyeanza kwa nane akaacha baada ya wiki.

Limebaki swali dogo, maana vijana wengi huliuliza: je, inafaa kusoma Kurani Tukufu katika simu? Inafaa, na kwa msafiri ni msaada mkubwa. Ila ikate intaneti kwanza, kwa sababu kidole hakijui kuwa leo umeishika simu kwa ajili ya Kurani. Kinajua tu kwamba simu imewaka. Na nyumbani, kwa kadiri inavyowezekana, soma katika msahafu wa karatasi, mahali pamoja, baada ya Sala ya alfajiri, kabla simu haijawashwa.